Ulichopenda utotoni kilikupeleka wapi?

Fundi wa Tororo
Habari zenu, ndugu. Nimekulia Tororo, pale reli inapogawanyika: njia moja inaelekea Jinja na Kampala, nyingine Mbale, Soroti, Gulu hadi Pakwach. Nikisikia honi upande wa Malaba, naacha hata chakula. Namba za mabehewa nilizikariri zote. Leo natengeneza injini za malori, na nikipata likizo lazima nisafiri. Mwanangu sasa anashinda akichora ramani, na shangazi zake wanasema anapoteza muda. Nanyi ilikuwaje kwenu?

Dada wa Entebbe
Mwache achore, kaka! Mimi nilikuwa mtoto wa kukimbiza ndege. Sasa naongoza wageni kwa mtumbwi kule kwenye kinamasi cha Mabamba, tukimtafuta ndege aitwaye korongo nyangumi. Anasimama kimya kwenye matete muda mrefu, kisha anajitupa mzima mzima juu ya samaki kamongo na kuibuka mdomo umejaa majani. Mpaka leo moyo hunidunda. Mwakani, Mungu akipenda, naenda Bangweulu, Zambia, maana nako wapo.

Mzee wa Kasese
Reli ilifika kwetu 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Nilipenda kuokota mawe, nikaishia kuwa mpima ardhi. Mnunulie mtoto karatasi, ila hesabu asiiache. Ramani ni hesabu tupu.

Fundi wa Tororo
Shikamoo mzee, nimekusikia. Dada, mtoto wa miaka tisa anaruhusiwa kupanda huo mtumbwi?