Dawa ya deni ni kulipa: fedha za kupambana na ujangili zimfikie nani kwanza?

Mzaliwa wa Marafa

Salaam, ndugu zangu wa Malindi na Magarini, na wengine wote wa Pwani. Nataka tuzungumze jambo hili bila kuoneana haya: fedha za kupambana na ujangili na ulanguzi wa wanyamapori zitoke wapi, na shilingi ya kwanza impate nani?

Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID. Miradi mingi ya uhifadhi nchini, ikiwemo ya hifadhi za jamii za huku kwetu, ilikuwa ikichota kisima hicho. Tangu hapo kila mkutano ninaohudhuria kauli ni moja: tutafute mfadhili mwingine. Mimi nakataa. Ndovu ni wetu, majangili ni wetu, na gharama iwe yetu, kutoka bajeti ya Kenya. Na kabla hatujanunua gari jipya la doria, walipwe kwanza wananchi wanaoidai serikali fidia.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iko wazi. Mtu akiuawa na mnyama, familia yake ilipwe shilingi milioni 5. Akipata ulemavu wa kudumu, milioni 3. Mazao na mifugo nayo yana fidia yake. Baba yangu mdogo analima karibu na Chakama. Kiangazi kikikaza, ndovu hushuka kutoka mbuga ya Tsavo Mashariki kufuata maji ya mto Galana, na shamba la mahindi kwao ni kazi ya usiku mmoja. Yeye alipoteza ekari mbili, mahindi yakiwa yameshabeba. Akajaza fomu, ikapigwa mhuri, ofisa akaja akapiga picha hata nyayo. Hii sasa miaka minne. Kila akienda kuuliza anaambiwa jina lake limepelekwa Nairobi. Nauli peke yake imeshamla mbuzi wawili.

Sasa basi. Usiku mmoja wanakuja vijana wawili kwa pikipiki, sura ngeni, wanaulizia njia ya kushukia mtoni. Baba mdogo anajua si wavuvi wala si wachoma makaa. Ana simu mkononi. Kwa nini ampigie mtu ambaye kwa miaka minne hajawahi kumpigia yeye?

Bunduki huja baadaye. Kabla yake kuna mtu aliyeonyesha njia, mwingine akapika ugali, mwingine akafukia mzigo nyuma ya choo chake mpaka gari lije. Wote hao ni wanakijiji. Tsavo Mashariki peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na askari wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hawawezi kusimama chini ya kila mti. Macho yaliyoko huko ni ya wakulima na wafugaji.

Sisemi kazi ya askari ni bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na ndovu wapatao 167,000. Kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata 36,280. Watu walikufa ili namba hiyo ipande, na ninawaheshimu. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na kijiji kinachodai hakiwezi kuwa rafiki wa anayedaiwa. Nawasikiliza.

Wakili wa Shela, Malindi

Ndugu wa Marafa, pole kwa yaliyompata baba mdogo, na madai yake ni haki tupu. Ila unachanganya mambo mawili. Fidia ni haki ya raia, na haipaswi kutoka katika fungu la kupambana na walanguzi. Ukizichanganya, mwisho wa yote Hazina itasema imeshalipa zote mbili kwa shilingi ile ile.

Tena ulanguzi haukai Chakama. Unakaa bandarini. Juni 2014 polisi waliingia yadi moja ya magari Mombasa wakakuta kilo 2,152 za pembe. Mshukiwa mkuu alikimbia, akakamatwa Dar es Salaam Desemba mwaka ule ule, na 2016 akahukumiwa miaka 20 jela pamoja na faini ya shilingi milioni 20. Nchi nzima ilishangilia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia kwenye rufaa kwa kasoro za ushahidi na za mwenendo wa kesi. Hapo ndipo fedha zinapovuja, ndugu yangu. Risasi zilipigwa Tsavo au kwingineko, ndovu wakafa, mzigo ukakamatwa, mtu akafungwa, halafu yote yakafutika mezani.

Mwaka 2015 Singapore ilikamata karibu tani 3.7 za pembe zilizotoka Mombasa zikiwa zimefichwa ndani ya shehena ya chai. Hakuna mkulima wa Magarini anayejua kufungasha kontena la namna hiyo. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye wakala wa forodha, akaunti benki na hati za kampuni. Kumfikia huyo kunataka mchunguzi anayefuata fedha, mtunza vielelezo ambaye kila aliyegusa pembe amesaini, na mwendesha mashtaka asiyehamishwa kesi ikiwa katikati. Sheria yetu inataja kifungo cha maisha. Tunasema sheria ni msumeno, lakini bila ushahidi msumeno huo hauna meno.

Na biashara yenyewe inabadilika. Mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na chungu malkia wapatao 5,000 ndani ya vichupa vidogo, wakatozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja. Chungu! Ni nani kijijini kwako angemshuku mtu anayechimbua kichuguu?

Mzaliwa wa Marafa

Wakili, watoto wangemshuku. Kijijini kwetu mtu mzima hachimbui kichuguu bila watoto kumzunguka na kumuuliza anatafuta nini. Kinachokosekana ni mtu wa kuipokea habari hiyo.

Muuguzi wa Barani

Nimesoma kimya, lakini acheni niseme. Nilifanya kazi katika zahanati moja huko ndani, siitaji jina. Wagonjwa walioumwa na nyoka wanabebwa kwa bodaboda, mguu umevimba kama gogo, na dawa ya kuzuia sumu ya nyoka hatuna. Tunawafunga dripu na kuwatafutia gari la Malindi mjini. Mama mmoja alinifia mikononi akiwa na mtoto wa ziwa. Nyoka naye ni mnyamapori. Mnapozungumza mamilioni ya pembe, mimi namwona yule mama. Kama fedha ni chache, kwa nini ndovu atangulie?

Mwaata wa Galana

Dada muuguzi, Mungu akuzidishie kwa kazi hiyo. Nami nina la kwetu, nalo ni refu kidogo.

Sisi Waata, wawindaji wa asili wa huku Galana, ndio tulioitwa kila jina: Wasanye, Waliangulu, majangili. Babu yangu alikuwa mwindaji wa upinde. Upinde wa Kiwaata si wa kuchezea, kuuvuta tu mtu mzima asiyezoea hawezi, na mshale wenye sumu ulimwangusha ndovu dume. Miaka ya 1950, mbuga ya Tsavo ilipokuwa changa, serikali ya mkoloni ilituandama kijiji kwa kijiji. Wanaume walifungwa kwa mafungu. Babu alisimulia kwamba jela alikutana na Waata wenzake, lakini hakumwona hata mmoja wa wale waliokuwa wakija na sukari, kaniki na sarafu kuzinunua pembe.

Halafu ukaja mpango wa Galana, kama mwaka 1960. Ng'ambo ya mbuga ilitengwa eneo ambamo Waata wangewinda kwa kibali na kulipwa mshahara. Kwa mara ya kwanza kuna aliyekiri kwamba tunajua kitu. Haukutuinua kama ulivyokusudiwa, na 1977 uwindaji wote ukapigwa marufuku nchini. Tukabaki bila upinde na bila ardhi.

Kwa hiyo ndugu wa Marafa, nakuunga mkono nusu. Fidia inamlipa mwenye shamba. Sisi ambao wengi wetu hatuna hata hati ya kiwanja, ndovu ataharibu nini tujazie fomu? Shilingi yako ya kwanza itatupita kando kama zilivyotupita nyingine. Kijana wa Kiwaata anaweza kukuambia nyayo hii ni ya jana jioni au ya alfajiri, na ndovu alikuwa anakimbia au anatembea. Mwajirini. Mshahara wa kila mwezi, wenye bima na pensheni, si posho ya semina.

Mvuvi wa Mayungu

Mimi nitasema la baharini kwa sababu wengi mmesahau kwamba kasa nao wanawindwa, pamoja na ng'amba, yule kasa mwenye gamba la thamani. Mafuta ya kasa yanauzwa kwa siri, nyama inaliwa, na gamba la ng'amba lilikuwa biashara tangu enzi za mababu.

Pale Watamu kuna Local Ocean Conservation. Kasa akinasa kwenye wavu wangu nawapigia simu, wanakuja, wanampima, wanamfunga kibati cha namba, anarudishwa baharini, nami napata kitu kidogo cha muda wangu. Ni kidogo kweli, ukimchinja kwa siri unapata zaidi. Wapo wanaosema hizi fedha zinatufundisha kutega kasa makusudi. Kibati kinasema: kasa yule yule akirudi kwangu mara tatu wataniuliza, na wana haki ya kuniuliza.

Kinachonifanya nipige ni kwamba wanakuja. Nimewahi kupiga kabla ya alfajiri, mvua inanyesha, wakaja. Hawajaniambia hata siku moja kwamba jina langu limepelekwa Nairobi. Ninachoogopa ni kwamba mradi kama huu unaishi kwa hisani ya watu wa mbali. Wakichoka kesho, kasa ataniangalia mimi na watoto wangu wataniangalia mimi.

Mwamu

Kutoka Lamu nawasalimu. Nenda makumbusho yetu uione siwa ya Pate, lile baragumu kubwa la wafalme, imechongwa kwa pembe ya ndovu, nzuri hadi unanyamaza. Tusijifanye sisi watu wa Pwani tulikuwa watazamaji tu wa biashara hii.

Ninalotaka kusema ni la msitu wa Boni. Operesheni ya usalama ilipoanza 2015, Waawer, wenyeji wa msitu huo, walizuiwa kuingia msituni kwao, na huko ndiko kwenye asali yao, dawa zao na makaburi yao. Usalama una sababu zake, sibishi. Ila wakati fedha zote zinapopita kwenye buti la askari, wenye kuujua msitu wanakaa kando ya barabara wakisubiri mahindi ya msaada. Mwaata, maneno yako yangeweza kusemwa na mzee yeyote wa Basuba, kijiji cha Waawer.

Wakili wa Shela, Malindi

Mvuvi amenigusa. Hata hivyo sijashawishika kwamba fungu la upelelezi lipunguzwe. Ndugu wa Marafa, nijibu moja kwa moja: ukipewa shilingi mia, unazigawaje?

Mzaliwa wa Marafa

Nitajibu, lakini nianze kwa kumwomba radhi Mwaata. Nilipoandika "mwananchi" nilimwona mwenye shamba, na ninyi mlikuwa huko kabla shamba la kwanza halijafyekwa. Nilikosea.

Dada muuguzi, sitaki ndovu amtangulie yule mama. Naona wewe na baba mdogo mnalia kilio kimoja: tunaishi na wanyama kwa niaba ya nchi nzima, na nchi haionekani. Kama zahanati ya kando ya mbuga ingekuwa na dawa ya nyoka iliyonunuliwa kwa fedha za wanyamapori, hata watu wetu wangeanza kuliona hilo neno "uhifadhi" kwa jicho jingine.

Wakili, kwa mia yako: arobaini zilipe madeni, kwa kuanzia na vifo. Thelathini ziajiri Waata, Waawer na vijana wa vijiji vya mpakani, mishahara ya kudumu. Thelathini nakupa wewe kwa bandari, vielelezo na wafuata fedha. Nimekupa nyingi kuliko nilivyokusudia asubuhi, kwa sababu ile kesi uliyotaja inauma. Madeni yakishalipwa, zile arobaini tutagombana upya nani azichukue.

Na zitoke wapi? Watalii wanaoondoka hoteli za Malindi na Watamu kwenda Tsavo hupita lango la Sala, na wanaokwenda kutazama samaki hulipa kuingia hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyopo tangu 1968. Fedha hizo zinakwenda Nairobi kwanza. Nataka sehemu yake itajwe kisheria kuwa ya wadai wa eneo hili, na orodha ibandikwe ukutani kwa chifu: jina, tarehe ya kudai, kiasi, na tarehe ya kulipwa. Huwezi kumwambia mtu jina lake liko Nairobi wakati liko ukutani mbele yake.

Pia tusisahau Gede. Kabla ya mradi wa Kipepeo, wa kufuga vipepeo, kuanza 1993, majirani wengi wa msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka msitu ufyekwe wagawiwe mashamba. Leo kuna familia zinazofuga viwavi na kuuza pupa wa vipepeo ng'ambo, na mtu wa aina hiyo akimwona mkata miti anamwona mwizi wa karo ya mwanawe.

Mama Ntilie wa Kisumu Ndogo

Nauliza tu. Hiyo orodha ya ukutani, ikibandikwa na isilipwe? Mume wangu alikufa kwa kiboko huko Sabaki. Mimi sitaki kuliona jina lake ukutani miaka mingine sita.

Mzaliwa wa Marafa

Mama, pole sana. Sina jibu la kukuridhisha, na sitakudanganya.

Ninaloweza ni hili. Jumamosi nitakuwa Marafa sokoni, chini ya mwembe ulio mkabala na msikiti, tangu saa tatu asubuhi. Mwenye fomu yenye mhuri aje na nakala yake, hata kama imechanika. Tutaandika tarehe zote kwenye daftari moja, na ya mume wako iwe ya kwanza ukikubali. Wakili, uje na wewe.

Wakili wa Shela, Malindi

Nitakuja. Waambie walete pia nakala za vitambulisho, na barua yoyote waliyowahi kujibiwa.