Neno gani umelitumia miaka yote, siku ulipojua lilikotoka ukacheka peke yako? Tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu habari za jioni. Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mimi nimekulia Morogoro na mpaka naingia form one nilikuwa naamini kabisa kipilefti ni Kiswahili cha mababu, maana kinakaa vizuri tu kwenye ngeli, kipilefti vipilefti kama kisu visu. Siku nimeenda kujifunza gari, mwalimu akatoa picha ya kibao cha zamani cha barabarani kimeandikwa KEEP LEFT, nikasoma kwa sauti, kip left... kipilefti! Nikacheka mpaka gari ikazima. Yani wazee waliona kibao kimesimama pale kwenye mzunguko wakajua ndo jina la mahali, wakalibeba hivyohivyo, na lile "ki" la mwanzo likawapa na uwingi bure. Haya, na wewe lako lipi? Lete na namna ulivyojua, sio neno tu.

Fundi baiskeli: Hilo lina ndugu yake huku kwetu. Nimeanza ufundi Singida nimetoka tu darasa la saba, mteja anakuja anasema digadi ya nyuma imepinda, mwingine nataka madigadi yote mawili. Digadi moja, madigadi mawili, kama gari magari, nani atashtuka? Miaka kama sita nayafunga tu. Siku moja likaja boksi la spea limeandikwa mudguard, namuuliza tajiri hii ndo nini, anasema si hayo madigadi unayofunga kila siku. Nikamwambia mbona ndani iko moja? Kumbe wenyewe wakisema moja sisi tulisikia mengi, tukajikatia ya kwetu moja.

Wa Thika: 😂😂 Hiyo digadi imeniweza. Mimi ni matatu. Guka wangu siku moja tumeshuka, konda amechukua mia, mzee anatikisa kichwa anasema sisi hii gari tulikuwa tunalipa mang'otore matatu. Nikamuuliza ndio nini, akasema zile sarafu za senti kumi, ukitoa tatu umefika, yaani senti thelathini, hiyo ni miaka ya sitini huko. Mimi maisha yangu yote nikidhani matatu ni jina tu la gari. Na vijana wa Nairobi wakaligeuza tena wakaita mathree, sasa tatu iko pale pale imevaa tu suti.

Konda mstaafu: Basi ya kwetu Dar ni hadithi hiyohiyo bei tofauti. Nimekula ukonda nikiwa kijana, serikali ilipoanza kuruhusu magari ya watu binafsi miaka ya 80, 83 hivi. Mabasi ya umma yalikuwa hayatoshi, watu wananing'inia mlangoni. Nauli shilingi 5, na shilingi 5 sisi tulikuwa tunaiita dala, toka dola. Sasa unasimama mlangoni unapiga kelele dala dala dala dala mpaka sauti inakauka. Mwanangu juzi ananiambia baba daladala maana yake ni haraka haraka. Nikamwangalia tu.

Mzaramo wa mjini: Mkuu konda umenikumbusha Kariakoo. Mara ya kwanza naenda Nairobi nikasikia konda anaita Kariokor, Kariokor, nikajua wananitania wamesikia lafudhi yangu. Nikampigia simu bi mkubwa nikimcheka, yeye hakucheka. Akasema huko ndo jina moja na la kwetu, Carrier Corps, wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walipoichukua Dar mwaka 1916 wakaweka kambi yao pale. Akaniambia na babu yake alichukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Wengi wao waliuawa na njaa na maradhi kuliko risasi. Nimenunua viatu Kariakoo miaka ishirini, hakuna siku mtu aliniambia.

Msomi wa kijiweni: Na machinga je? Inatoka marching guys, vijana wanaotembea tembea na bidhaa.

Mtu wa Lindi: Hapana ndugu yangu, na hapa naomba nisikilizwe. Machinga ni watu, tupo, kwetu Lindi. Vijana wa huko kusini walikuja Dar kutafuta maisha, mtaji hamna, fremu hamna, ukatembeza nguo mkononi, basi mji ukatuita wote kwa jina la kabila na baadae hata Mchaga akitembeza soksi ni machinga. Sasa mimi nimeenda ofisi moja kujaza fomu, dada ananiuliza kabila, nasema Mmachinga. Akaniambia kwa upole kabisa, kaka sijauliza kazi, nimeuliza kabila.

Mleta mada: 😂😂😂 Ukafanyaje?

Mtu wa Lindi: Akaandika mfanyabiashara mdogo. Nikasaini.

Binti wa Pangani: Mimi langu ni fungate. Nilipoolewa mume wangu kazini walimpa siku tatu tu, tukaenda kumuaga bibi, tunamwambia tunakwenda fungate siku tatu. Bibi akaweka kikombe chini. "Fungate ya siku tatu ndo fungate gani?" Tukajua anataka tukae zaidi, kumbe anasahihisha hesabu. Anasema zamani saba iliitwa mfungate, kabla hatujachukua sita, saba na tisa za Waarabu, na tisa ilikuwa kenda, ambayo yeye anaitumia mpaka leo akihesabu nazi. Kwa hiyo fungate ni zile siku saba za maharusi kukaa ndani. Sisi tulikwenda na siku zetu tatu, tukirudi akatupokea na chai, "karibuni, zimebaki nne".

Mleta mada: Bibi apewe maua yake. Sasa kwa kuwa tumefika kwenye hesabu, binti yangu yuko la pili kaniuliza swali nimekwama. Jumamosi mosi, Jumapili pili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Inayofuata kwa nini sio Jumasita?

Ustadh wa mtaa: Kwa sababu Alhamisi ni ya Kiarabu, khamsa, tano. Wao wanahesabu toka Jumapili, sisi tunahesabu toka Jumamosi.

Mleta mada: Subiri. Kwa hiyo wiki ina tano mbili zimefuatana na sita haina?

Ustadh wa mtaa: Ndiyo mkuu. Na kazini hujawahi kuchanganya siku hata mara moja.

Konda mstaafu: Mkuu msemee na yule mwanangu wa haraka haraka.