Naomba ushauri: Hilux inachemsha ikivuta karavani, na nyuma linaruka kama mbuzi. Niko Tanga

Kijana_wa_Duga (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Nina Hilux double cabin, injini 3L, gia za mkono. Linavuta karavani ndogo, lile tela la nyumba. Matatizo ni mawili. Mshale wa joto unapanda nikishaipita Pongwe kuelekea Muheza, AC nimezima, mwendo 60 tu. La pili ni nyuma. Zamani lilikuwa linalala, nikaongeza springi, sasa likiwa tupu linanirusha mpaka kichwa kinagonga dari. Jumamosi ya wiki ijayo natakiwa niwe Lushoto. Nina mpango wa kufunga rejeta (ya kupozea maji ya injini) ya Canter na kuongeza jani moja tena la springi. Swali langu ni hili tu: rejeta ya Canter inakaa kwenye 3L bila kukata kitu? Mengine najua.

Mzee_wa_Mkonge
Karavani ina kilo ngapi?

Popo_wa_Amboni
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa paleee chini ya mwembe na kahawa yangu.

Mama_Samli
Mimi habari za rejeta sizijui, ila nauliza: mama watoto anajua kama hela inaishia kwenye tela? Maana shemeji yangu alianza hivihivi na mashine ya boti. Leo boti iko uani, kuku wanataga humo, na kiwanja kimeshauzwa. Kabla ya springi, kaa na mwenzio mzungumze.

Kijana_wa_Duga
Mama Samli, shikamoo. Sijaoa bado, ndiyo maana ya safari yenyewe. Tuendelee na rejeta.

Fundi_wa_20
Kijana, habari ya Canter iweke pembeni kwanza. Nijibu manne. Themostati, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, ipo? Lile kava la plastiki linalozunguka feni lipo? Unatia maji gani? Feni ukiizungusha kwa mkono asubuhi injini ikiwa ya baridi, inakaza kidogo au inazunguka yenyewe kama pangaboi?

Kijana_wa_Duga
Themostati fundi wangu aliitoa zamani, alisema Tanga joto tupu, ya nini. Kava la feni lilikuwa linapiga kelele, tukalivua. Maji natia ya bomba, yakikatika natia ya kisima. Feni inazunguka vizuri sana, laini kabisa. Nimeongeza na feni ya umeme ya Toyota Nadia kwa mbele.

Fundi_wa_20
Hapo umeshamaliza mwenyewe. Sikiliza.

Feni ikiwa laini kabisa, ujue klachi yake imekufa. Ndani mna mafuta mazito. Joto likipanda yanatakiwa yaikamate feni izunguke na injini, yakivuja inabaki kujizungukia tu. Lile kava kazi yake ni kuilazimisha feni ivute hewa kupitia kwenye rejeta. Ukilivua, feni inavuta ya pembeni, hewa ileile ya moto inazunguka humohumo kwenye boneti. Na hiyo feni ya Nadia uliyoipachika mbele, ukiwa mwendo 60 inaziba upepo kuliko inavyousaidia.

Themostati ndiyo inayonikera zaidi, maana kila gereji mjini hapa wanaitoa. Ikiwa ni ile yenye bati la chini, lile bati linaziba njia ya mkato ya maji injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Mjini hutagundua. Ukivuta mzigo ndiyo utajua. Nyingi za Toyota zinaanza kufunguka nyuzi 82, nunua ya kiwango hicho.

Maji ya kisima cha Tanga yana chumvi. Peleka hiyohiyo rejeta yako wakaifungue, waipige mswaki tundu kwa tundu, uone uchafu utakaotoka. Halafu tia kulanti, ile dawa ya rejeta, badala ya maji matupu, na kifuniko kipya cha rejeta. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 kikiwa kizima, maji yanachemka karibu nyuzi 118 badala ya 100. Kilicholegea kinakunyang'anya zote hizo.

Kijana_wa_Duga
Ahsante fundi, lakini rejeta ya Canter nimeshailipia advansi laki mbili, na jamaa harudishi.

Mzee_wa_Mkonge
Nauliza mara ya pili. Kilo ngapi?

Kijana_wa_Duga
Kama tani moja hivi, mzee wangu. Ni karavani ya Ulaya, nyepesi, bodi ya bati laini.

Mpare_Mstaafu
Lushoto hapo umenikumbusha mbali. Nilikuwa utingo wa lori la kabichi nikiwa na miaka 19, Mombo tunapandisha magunia matupu, kurudi tunashuka tumejaza. Dereva wangu alikuwa na sheria moja: gia uliyopandia ndiyo hiyohiyo ushukie. Kupanda ni karibu mita 1000 ndani ya kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, ukuta huku na korongo kule. Siku moja breki zilinuka kuanzia Soni, tukasimama, tukala ndizi za kuchoma mpaka magurudumu yakapoa. Zile ndizi sijapata kuzila tena popote. Sijui yule mama bado yupo.

Popo_wa_Amboni
Mzee kaja kwenye uzi wa rejeta katuachia njaa.

Binti_Chumbageni
Kaka Duga, karavani ya Ulaya ilifikaje kwako, na ndani mna nini? Maana za Ulaya ni nyepesi kweli zikiwa kama zilivyotoka kiwandani.

Kijana_wa_Duga
Niliinunua kwa mtu Pangani, ilikuwa imekaa miaka. Ndani nimeirekebisha kidogo, iwe ya biashara ya chakula.

Binti_Chumbageni
Kidogo ndiyo nini?

Kijana_wa_Duga
Nimeweka marumaru chini, maana sakafu ilikuwa imeoza. Na kaunta ya terazo. Friza, jiko la gesi, na simtanki la lita 500. Lakini tanki liko nyuma kabisa, halisumbui mtu.

Popo_wa_Amboni
TERAZO 😂😂😂 Huyu kajenga banda la uani, kalifunga magurudumu.

Mzee_wa_Mkonge
Lita 500 za maji ni kilo 500, mwanangu. Na ziko nyuma ya ekseli. Likifika mwendo 70 tela halianzi kukuyumbisha?

Kijana_wa_Duga
Linacheza kidogo. Ndiyo maana nataka jani jingine la springi.

Mzee_wa_Mkonge
Springi haina kosa hapo. Tela lililojaa nyuma linanyanyua ekseli ya nyuma ya gari lako badala ya kuikalia, halafu linakupiga mkia. Chukua mizani ya kupimia watu, weka kipande cha mbao juu yake, kalishe shingo ya tela hapo likiwa limenyooka. Isome. Karavani za Ulaya shingo inatakiwa ibebe asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wa tela zima.

Na hizo springi ulizoongeza ni za nini?

Kijana_wa_Duga
Za Canter pia. Majani mawili.

Fundi_wa_20
Sasa nimeelewa kwa nini kichwa kinagonga dari. Nyuma kumenyanyuka, taa zako usiku zinamulika sisimizi. Toa hayo majani. Rudisha ya Hilux yaliyonyooka, bushi mpya, kisha weka shokapu nzuri nne. Springi inabeba, shokapu ndiyo inayozuia kudunda. Mtu ana shokapu zilizokufa toka enzi, anaongeza springi ngumu, halafu analaumu barabara.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza. Breki za tela zinafanya kazi?

(*saa sita zimepita*)

Popo_wa_Amboni
Mleta uzi umelala?

Kijana_wa_Duga
Nipo. Breki zilikuwepo. Ni zile za kujibana zenyewe, tela likisukuma gari shingo inaingia ndani inavuta kebo. Sasa kila nikirudi rivasi zinakamata, siwezi kuingiza karavani uani. Fundi akazitoa. Lakini breki za Hilux ni nzima, nimebadilisha pedi juzi tu.

Fundi_wa_20
Subhanallah.

Zile za zamani zina kiloki pale shingoni, unakiweka kwa mkono ukitaka kurudi rivasi. Ndiyo hicho tu kilikuwa kinatakiwa. Tela lisilo na breki Hilux nyingi zimewekewa kikomo cha kilo 750. Wewe una marumaru, na Mombo mbele yako. Rejeta imekuwa hadithi ndogo.

Mama_Samli
Nilisema.

Popo_wa_Amboni
Mama Samli ulisema kuhusu kuku.

Mjuba_Raskazone
Jamani mnapoteza muda. Hii ni chai, tena ya maziwa na mdalasini. Mimi Tanga hii miaka 41, sijawahi kuona karavani barabarani. Na huyuhuyu mwezi wa tatu alileta uzi akasema anaendesha Noah. Leo Hilux, terazo, sijui friza. Weka picha.

Mpare_Mstaafu
Kumbe? Na mimi nimeshatoa ndizi zangu bure.

Binti_Chumbageni
Hata mimi nilishangaa, nani anaweka terazo kwenye gari.

Kijana_wa_Duga
Noah ni la dada yangu, nalipeleka stendi Kange kupokea wageni wake. Nije kudanganya kuhusu breki nijidhalilishe hivi kwa faida gani? Picha siweki, nina sababu.

Mjuba_Raskazone
Sababu ni kwamba haipo.

Dogo_Mikanjuni
Ipo. Iko nyuma ya nyumba ya mtu huku kwetu, imefunikwa turubai la bluu, watoto wanachezea ngazi yake. Juzi walikuwa wanaisukuma watu tisa haiendi.

Mjuba_Raskazone
Wewe umejiunga leo. Ujumbe wako ni mmoja.

Popo_wa_Amboni
Tanga waja leo waondoka leo, isipokuwa karavani.

(*siku iliyofuata*)

Kijana_wa_Duga
Nimetoka kwenye mizani ya vyuma chakavu. Nimepima gari na tela, nikapima gari peke yake, nikatoa. Kilo 1,460, tanki likiwa tupu. Shingo kwenye mizani ya dada yangu imesoma kilo 22. Mzee wa Mkonge, hiyo asilimia ngapi?

Mzee_wa_Mkonge
Moja na nusu. Maji yakiingia huko nyuma shingo itakuwa inakuvuta juu. Sogeza friza mbele, tanki safiri nalo tupu, ulijaze Lushoto. Pima tena, utafute kilo 90 hivi.

Mjuba_Raskazone
Sawa, hesabu hizo hutungi. Nimerudisha maneno. Picha bado nadai.

Kijana_wa_Duga
Picha siweki kwa sababu ubavuni imeandikwa jina la binti wa watu. Shemeji zangu watarajiwa wamo humu.

Mama_Samli
Haaa! Sasa umesema. Pole mwanangu.

Fundi_wa_20
Nina jamaa ana Fuso la bodi wazi, anapanda Lushoto kila wiki kufuata mboga, anaenda tupu. Atakubebea. Wewe fuata nyuma na Hilux lako polepole. Breki za tela tutatengeneza kwa nafasi.

Kijana_wa_Duga
Fundi, nimeshasema ukweni kwamba ninaingia nalo mwenyewe, nimelivuta. Baba mkwe ni dereva mstaafu. Je, Fuso linishushie Soni, kuanzia hapo nivute?

Mpare_Mstaafu
Kutoka Soni bado unapanda, kijana.

Kijana_wa_Duga
Basi Lushoto mjini.

Fundi_wa_20
Ukweni ni wapi hasa?

Kijana_wa_Duga
Irente.

Mpare_Mstaafu
Nako ni mlima.

Kijana_wa_Duga
Lakini kabla ya geti lao pametulia, kama mita 60 hivi. Fuso likinishushia hapo?

Fundi_wa_20
Hizo 60 nitakuruhusu. Njoo kesho saa mbili na kava la feni, kama hukulitupa.