Tupeane uzoefu: Siku Neno la Mungu lilipoingia kwenye kesi ya kihamba, uchaguzi au fedha za kanisa

MzeeWaMtaa (Old Moshi):
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mahubiri ya haki na amani tunayasikia, na Amina tunaitikia. Naomba tusimuliane ni wapi hasa yalikulazimisha kufanya jambo gumu. Naanza na langu.

Nilikuwa na mwaka wa pili kama mzee wa kanisa. Jirani yetu alifariki akaacha mjane na mabinti watatu, bila mtoto wa kiume. Hata matanga hayajaanuliwa, shemeji zake wakang'oa masale ya mpakani wakayapanda hatua kumi ndani ya kihamba chake. Kwa wasio wa huku: kihamba ni shamba la nyumbani la kurithi, na sale, mmea unaopandwa mpakani, ndiyo hati yetu. Mama akaja usiku, shina moja la sale amelifunga kwenye kanga, mizizi bado ina udongo. Nikamwambia, mama, tuombe. Akanitazama. "Baba, kuomba nimeomba tangu juzi. Nimekuja unisaidie kusema."

Nikaenda kwa mchungaji nikitegemea ataniambia hayo ni mambo ya ukoo. Akafungua Hesabu 27: binti za Selofehadi wanasimama mbele ya Musa na wakuu wanadai urithi wa baba yao, na Mungu anasema wanenayo ni haki. Akaniuliza kama nimewahi kulisikia likihubiriwa. Sijawahi, na nimebatizwa nikiwa mtoto mchanga.

Jumamosi ukoo ukakaa uani. Mchungaji akasoma. Mwenyekiti wa kitongoji akaongeza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Hakuna aliyejibu kitu, tukatawanyika. Baada ya wiki shemeji mkubwa akaja na jani la sale mkononi, na kwetu anayeomba msamaha kwa sale hakataliwi. Mjane akamwambia atalipokea, ila kwanza mpaka urudi ulipokuwa. Wazee wengine waliguna. Mchungaji akasema mama yuko sawa. Mpaka ukarudishwa siku ileile, ndipo akalipokea. Nilikuwa nimehubiri upatanisho mara nyingi kabla ya hapo, na sikuwa nimeuelewa.

MjukuuWaMeru (Usa River):
Shikamoo mzee. Bibi yangu aliondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, serikali ya Waingereza ilipowahamisha Wameru wapatao 3,000 kuwapisha walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuisema kesi hiyo Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi wakati ule. Kanisani, lilipokuwa likisomwa somo la Ahabu na shamba la Nabothi, bibi alikuwa anasimama peke yake mpaka somo liishe. Tukiwa watoto tulikuwa tunaona aibu.

Miaka michache iliyopita usharika wetu ulitaka kipande cha jirani, mzee asiye na watoto karibu, kwa ajili ya maegesho. Alishakataa mara mbili, na kikao kikapanga kumtumia ujumbe wa tatu, safari hii watu wengi, "ili aone uzito". Nilikuwa kiongozi wa vijana, mdogo kuliko wote mle ndani. Nikasimama nikasema hii ni 1 Wafalme 21 na safari hii Ahabu ni sisi. Nilitetemeka magoti. Ujumbe haukwenda, na magari tunaegesha barabarani hadi leo.

Dada_Kaloleni (Arusha):
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nilikuwa nafanya usafi AICC, kile kituo cha mikutano hapa Arusha, miaka ile Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ikiwa pale. Kesi iliyonikaa ni ya Padre Athanase Seromba: kanisa la Nyange lilibomolewa kwa buldoza mwezi Aprili 1994, Watutsi waliokimbilia humo wakiwa ndani. Mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Mimi ni Mkatoliki, jamani. Nilikuwa napiga deki korido huku nikiwaza watu wale walipiga ishara ya msalaba kama ninavyopiga mimi.

Tangu hapo, kwenye jumuiya, mtu akianza "kabila lile tusilipe uenyekiti", siwezi kunyamaza. Uchaguzi mmoja nilimkatiza mama aliyenilea kiimani, mbele ya watu. Alinuna miezi mitatu. Iliniuma sana, lakini ningerudia.

Mhasibu (Majengo, Moshi):
Langu fupi. Nilikuwa mtunza hazina, nikaomba risiti za ujenzi. Nikajibiwa "msiwaguse masihi wangu". Nikawasomea Matendo 6: wajane waliposahauliwa kwenye mgao, mitume hawakumkemea aliyelalamika, waliitisha watu wakachagua saba wa kusimamia. Sikuchaguliwa tena. Risiti sasa zinatolewa.

Dada_Kaloleni:
Mzee, yule mjane anaendeleaje?

MzeeWaMtaa:
Yupo, dada, kihamba analima na binti wa pili. Masale yameshika, yamefika kiunoni. Shemeji mkubwa alipougua mwaka jana, huyo mama ndiye aliyekuwa anampelekea mtori. Yule mdogo bado hamsalimii, tunaendelea kumfuata.

Ndugu wa Majengo, hizo risiti zinasomwa mbele ya washarika wote au kwenye kikao cha wazee tu? Sisi tunaanza ujenzi mwezi ujao.