Tupeane uzoefu: safari ya sikukuu na washikaji Kanda ya Kaskazini, mahema kwenye buti

Mtoa uzi

Wakuu, salama? Nimerudi jana usiku, mgongo haunyooki na hema bado lina matope. Nataka tukusanye hapa stori za safari za sikukuu na marafiki huku Kaskazini: kulala kwenye mahema, kuchangishana, kupotea, kununiana. Picha nzuri tumeshaziona kwenye stetasi zenu. Leteni yale ambayo hamkuyaposti.

Naanza mwenyewe. Pasaka, Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu, siku nne. Tulikuwa saba, magari mawili: Prado ya zamani na RAV4 ambayo mwenyewe aliapa inapita popote. Kutoka Arusha ni lami, Makuyuni mnakunja kulia, mnaenda mnaimba. Mto wa Mbu tukanunua ndizi nyekundu, tukajaza mafuta na madumu mawili ya maji, tukashika njia ya Engaruka kuelekea Ziwa Natron. Maji mlazimike kubeba, maana ya ziwani ni magadi matupu, hata kunawia uso utajuta.

Kosa letu lilikuwa kwenye kalenda. Pasaka huangukia masika, na njia ile inakatwa na makorongo ambayo kiangazi ni mchanga mtupu, unapita bila hata kujua umepita. Mvua si lazima inyeshe pale ulipo. Inanyesha juu huko kwenye kuta za Bonde la Ufa, wewe uko chini unakula karanga, maji yanakufuata. Tulipoipita Engaruka, saa tisa alasiri, jua linawaka, tukakuta korongo limejaa maji rangi ya chai ya maziwa. Mawe yalikuwa yanagongana humo chini, unayasikia. Mwenye RAV4 akakunja suruali akaingia kupima. Hatua ya nne maji magotini, ya tano yakamvua ndala. Ndala ikatangulia.

Pale ukingoni kulikuwa na mzee wa Kimaasai na mbuzi wake, naye anasubiri. Hakutuambia tuvuke wala tusivuke. Alivunja kijiti, akakichomeka pale maji yanapoishia, akakaa chini. Baada ya kama dakika kumi kijiti kilikuwa ndani ya maji.

Naishia hapo kwanza, simu ina asilimia nne na umeme umekatika. Endeleeni.

Mwoga wa Baridi

Mkuu huwezi kutuacha korongoni namna hiyo!

Yangu ni ya Saba Saba, kambi ya Simba pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kule ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa saba ndio baridi yenyewe. Sisi tulitoka Dar na akili za Dar. Mashuka mawili mawili, na blanketi moja la Kimaasai tulilonunua njiani kwa ajili ya kupigia picha. Saa nane usiku tulikuwa wanaume watano kwenye hema la watu watatu, chini ya blanketi hilohilo la picha, na hakuna aliyewahi kulizungumzia jambo hilo mpaka leo. Ukungu ulituingia mpaka kitambaa kikawa kinadondosha matone ndani.

Tuliambiwa mapema chakula chote kibaki kwenye jengo la jiko. Mmoja wetu akaficha mahindi mawili ya kuchoma kwenye begi, eti ya usiku. Usiku ukuta wa hema ukaanza kubonyea ndani, taratibu, kama mtu anausukuma na ngumi. Ilikuwa pua. Nguruwe pori. Hakuna aliyepiga kelele, sauti zilikataa kutoka. Mwenye mahindi aliyasukuma nje kwa mguu kupitia chini ya zipu, tukamsikia mgeni anatafuna na magunzi.

Asubuhi tukamkuta tembo anakunywa maji kwenye tangi la kambi. Sisi tumesimama na miswaki, tunasubiri zamu yetu kama watu wenye adabu.

Mtunza Hela

Nyie mnaongelea wanyama. Mimi naongelea hela.

Nilichaguliwa kutunza mchango wa watu wanane, Tarangire, wikiendi iliyounganishwa na sikukuu. Kwanza, watatu walituma mchango siku ya safari, mmoja akatuma nusu na ujumbe "nyingine tukifika". Ile nyingine naidai mpaka leo. Pili, hakuna aliyesikiliza niliposema kibali cha hifadhi kinahesabiwa kwa saa 24. Tuliingia saa nne asubuhi, maana yake kesho yake saa nne asubuhi tuwe tumetoka. Nilisema getini, nikasema kwenye chakula cha jioni, nikaandika na kwenye kundi la WhatsApp.

Asubuhi wawili hawaamki. Wakaamka, wanataka chai. Chai imeisha, mtu kasikia kuna simba karibu na mto, twende dakika tano tu. Tulifika getini saa tano kasoro. Tukalipishwa tena, na ni haki kabisa, sheria imeandikwa. Ila mnajua nani aliyetakiwa kutoa hela wakati mchango umeisha? Simba wenyewe tuliona mkia.

La tatu nawapa bure: msivae bluu wala nyeusi kule. Mbung'o wanazipenda hizo rangi. Jamaa mmoja alivaa jezi ya bluu siku nzima, alikuwa anachapwa makofi ya mgongoni na marafiki zake kila dakika, wengine nadhani hata hawakuwa wanaua mbung'o.

Dada Usukani

Mtunza Hela pole, nakuelewa sana.

Mimi ni dereva. Dar mpaka Moshi niliendesha peke yangu, kina kaka watatu walioahidi "tutapokezana" walilala kuanzia Chalinze. Nikapigwa tochi kwenye kibao cha 50, nina 67. Faini elfu 30. Pakazuka mjadala garini: je, faini ni ya dereva au ya kundi? Watu walioamka kwa ajili ya mjadala huo tu. Niliegesha gari chini ya mti, nikazima injini, nikawaambia tutaondoka mkishapata jibu. Walipata jibu haraka sana.

Siku hizi mambo haya nayamaliza kabla sijawasha gari. Faini, pancha, mafuta, nani anakaa mbele na kazi yake ni kunisemesha.

Mtu wa Mombo

Kwa wanaokuja kwetu Lushoto, tafadhalini. Mkishuka kutoka juu, kupitia Soni mpaka Mombo, tumieni gia ndogo. Gari ya otomatiki pia ina gia ndogo, mtie 2 au L. Kila sikukuu nakutana na gari la wageni limeegeshwa kwenye kona, magurudumu yanafuka, abiria wanamwagia maji ya kunywa. Siku moja nilisimama kuwasaidia vijana, walikuwa wameshuka na breki njia nzima, na mwenye gari ananiuliza kama harufu ile ni ya kiwanda. Kaka, ni breki zako hizo. Wakakaa saa nzima wanakula peasi za pale barabarani mpaka zikapoa. Msimwagie maji, subirini tu.

Mpita Njia

Ziwa Chala, Rombo. Mpaka wa Kenya unapita katikati ya ziwa. Tulipiga hema juu ya ukingo, simu zote zikahamia mtandao wa Kenya, tukakaribishwa Kenya kwa meseji tukiwa tumekaa Tanzania tunamenya viazi. Hela zote za mchango zilikuwa kwenye simu na muamala haupiti. Mwenye kuni anasubiri alipwe. Mtu mmoja akapanda juu ya gari na simu mkononi akiwa kama mnara, ndipo ikapita. Bebeni pesa taslimu kidogo, basi.

Mwoga wa Baridi

Mtoa uzi umeme haujarudi tu?

Mtoa uzi

Umerudi, samahanini.

Hatukuvuka siku ile. Mwenye RAV4 alitaka, bado na ndala moja, akasema Prado itangulie halafu imvute. Tulibishana mpaka jua likakaribia kuzama. Mzee hakuingilia. Kila kijiti kikizama alichomeka kingine nyuma kidogo, akarudi kukaa. Cha tatu hakikuzama, lakini maji hayakurudi nyuma pia, naye akachukua mbuzi wake akaondoka. Hapo tukaelewa bila kuambiwa. Tukasogeza magari mbali, sehemu ya juu, tukapiga mahema.

Ule wali ulioungua chini ndio chakula kitamu nilichokula mwaka huu. Pasaka mwezi huwa mkubwa, na mbele yetu Mlima Ol Doinyo Lengai ulionekana wote, umesimama peke yake. Tulikuwa tumepanga usiku ule tuanze kuupanda, wenyeji huanza usiku wa manane ili kufika juu alfajiri. Tukautazama tu tukiwa tumelala chali.

Asubuhi kijiti cha tatu kilikuwa kwenye tope kavu, maji yako mbali kama hatua sita na yanaishia kwenye vifundo. RAV4 ilipita popote kama ilivyoapiwa, kwa kamba. Natron tukafika kabla ya mchana, flamingo wako mbali wanaonekana kama mstari wa waridi, na jioni upepo ukang'oa hema la mtu aliyesema vigingi ni vya waoga.

Dada Usukani

Na ndala?

Mtoa uzi

Iliyobaki iko kwenye buti. Amekataa isitupwe, anasema ile nyingine ataipata mwakani.