Monoksidi ya kaboni na PM2.5: kwa nini uhusiano wake umedhoofika tangu mvua zianze?

Muulizaji (Katindo, Goma)
Habari zenu, ndugu. Tangu mwezi wa 6 napima monoksidi ya kaboni (gesi ya sumu inayotoka kwenye moto usiowaka vizuri) na chembe laini za PM2.5 (vumbi na moshi wenye chembe zisizozidi mikromita 2.5) kwa vifaa viwili vya bei nafuu nilivyovifunga barazani kwetu. Wakati wa kiangazi vipimo hivyo vilipanda na kushuka pamoja, jambo ambalo halikunishangaza, kwa kuwa majirani wote wanapikia makala (mkaa) na pikipiki hazikatiki barabarani. Tangu mwezi wa 10, mvua zilipokolea, uhusiano huo umedhoofika sana. Je, niandike kwamba vyanzo vya uchafuzi vimebadilika?

Jibu la 1
Usiandike bado, ndugu yangu. Kabla ya kuihukumu hewa, vihukumu vifaa vyako. Kihisi cha PM2.5 cha bei nafuu hukadiria chembe kwa mwanga, na unyevu unapozidi, chembe hufyonza maji na kuvimba, hivyo kifaa husoma uzito ambao haupo, ilhali kihisi cha gesi hakina kasoro hiyo. Weka pembeni saa zote ambazo unyevu ulipita asilimia 85, kisha upige hesabu upya. Vilevile, chora wastani wa kila saa ya siku, mwezi kwa mwezi, uone kama vilele vya asubuhi vinaangukia saa ileile.

Jibu la 2
Naunga mkono, na ninaongeza jambo moja. Sehemu kubwa ya uhusiano unaouona ni ratiba ya jiko tu: mbabula (majiko ya mkaa) zikiwashwa alfajiri, kila kitu hupanda. Katika kila kipimo, toa kwanza wastani wa saa husika ndani ya mwezi husika, halafu utafute uhusiano wa mabaki, yaani kinachobaki baada ya kutoa, kwa dirisha la siku 30 linalosogea siku moja moja. Tumia nafasi za vipimo (cha kwanza, cha pili, na kuendelea, vikipangwa kwa ukubwa) badala ya vipimo vyenyewe, ili siku moja ya moshi mkali isiburute hesabu nzima, na usidhani kwamba saa 720 za dirisha hilo ni ushahidi 720 tofauti, kwa sababu kila saa hurithi hewa ya saa iliyotangulia. Ukija kuongeza dioksidi ya salfa, tenganisha siku kwa mwelekeo wa upepo: gesi ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira mara nyingi husukumwa magharibi, upande wa Sake na Masisi, nayo hugeuka chembe za salfeti ikiwa njiani, kwa hiyo gesi na chembe zake hazifiki pamoja.

Muulizaji
Asanteni sana, wakubwa. Nimechora kama mlivyoniagiza, na nimeona aibu kidogo: tangu mwezi wa 10 chembe zinafika kileleni saa 12 asubuhi na gesi saa 1, ingawa moshi ni uleule. Umeme ulikatika, kifaa cha chembe kikajiwasha upya kwa saa ya Kinshasa, wakati sisi huku tunafuata saa ya Lubumbashi, iliyo mbele kwa saa moja. Baada ya kusogeza safu ya vipimo vya chembe kwa saa moja na kuondoa saa zenye unyevu mwingi, uhusiano umerudi karibu wote. Kinachobaki ni upungufu mdogo nyakati za alasiri, ambao sasa ninaupima pamoja na mvua.