Nitatofautishaje noki halisi na kelele za kawaida kwenye injini ya turbo?

Swali
Habari zenu, wakuu. Gari langu ni la petroli, lina turbo na silinda 4, na kila silinda ina kipenyo cha milimita 86. Baada ya kuongeza kidogo shinikizo la turbo niliona ni busara kufuatilia mwenyewe ishara za sensa ya noki (noki ni kule kugonga kwa injini mchanganyiko wa mafuta na hewa unapojilipukia wenyewe), kwa hiyo nilichepusha waya wa sensa hiyo hadi kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta yangu na kurekodi. Ishara ni tulivu hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, kisha inapanda sana. Je, injini inagonga kweli?

Jibu la 1
Mkuu, rekodi hiyo peke yake haiwezi kukujibu. Ndani ya sensa mna kipande cha kauri kinachotoa umeme kidogo kinapotikiswa, nacho hakibagui mtikisiko wa mchanganyiko uliojilipukia kabla mwali wa plagi haujaufikia na ule wa valvu inayojifunga. Kadiri mizunguko inavyoongezeka, kelele za vyuma nazo huongezeka, hata kwenye injini nzima kabisa.

Anza na masafa. Gawanya 1,800 kwa zao la pai na kipenyo cha silinda kwa milimita, nawe utapata makadirio ya kilohezi; kwa injini yako ni kama 6.7. Chuja rekodi ubakize eneo la karibu na hapo. Kisha zingatia wakati: noki hutokea muda mfupi baada ya pistoni kupita kilele, ndiyo maana kompyuta ya injini husikiliza kila silinda katika kipande kidogo tu cha mzunguko wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ilhali wewe umerekodi nyuzi zote 720, pamoja na valvu na nozeli zote.

Jibu la 2
Kabla ya kuchuja chochote, ondoa huo mchepuko. Tundu la maikrofoni linaweza kuidhoofisha ishara, na hapo kompyuta ya injini itashindwa kusikia noki ambayo ingepaswa kuizuia kwa kuchelewesha cheche. Yaani umemziba masikio mlinzi ili usikie wewe! Funga sensa ya pili kwenye bloku, ya kwako mwenyewe, na utumie waya wenye kinga ya wavu. Uso wa bloku uwe safi, usiweke washa (kile kipete cha chini ya bolti), na ukaze bolti kwa spana ya kupimia; sensa nyingi za umbo la pete hutaka nyutoni mita 20, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye kauli.

Muulizaji
Nashukuru. Nimefunga sensa ya pili na kuchuja. Kelele nyingi zimetoweka, ila kuanzia mizunguko 4,800 kuna vilele vikali vinavyotokea mara moja moja, bila mpangilio.

Jibu la 1
Kutokuwa na mpangilio ndiko kunakonitia wasiwasi, kwa sababu kelele ya valvu hujirudia kila mzunguko, lakini noki inayoanza huchagua mizunguko michache tu. Rudia jaribio kwa shinikizo lile lile na mizunguko ile ile, ila taimingi, yaani wakati wa cheche, uirudishe nyuma nyuzi 3. Vilele vikitoweka, ilikuwa noki. Vikibaki vilevile, tafuta kitu kilicholegea. Usijaribu kinyume chake, kwa kuisogeza taimingi mbele ili uone kama vitaongezeka, maana pistoni ndiyo itakayolipa.

Muulizaji
Vimetoweka vyote. Nimerudisha shinikizo la turbo lilipokuwa mwanzoni, na sasa nafunga kipimajoto baada ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), kwani nashuku hewa inaingia ikiwa ya moto kuliko nilivyodhani.

Jibu la 2
Pima joto hilo baada ya kuvuta kwa nguvu, yaani kukanyaga mafuta hadi mwisho, mara kadhaa mfululizo. Mvuto mmoja hauipashi intakula joto la kutosha kukuonyesha tatizo.